Mratibu asiye na rungu

Mhariri,

Mratibu wa mradi wa maji huku Uyui au Sikonge hana mamlaka ya kumwamuru yeyote. Mhandisi ni wa RUWASA (wakala wa maji vijijini), afisa manunuzi ni wa halmashauri, wachimba mitaro ni wanakijiji. Wengi wakikwama hukimbilia barua yenye nakala kwa mkurugenzi. Hapo ndipo wanapoharibu: aliyeshtakiwa hufanya lile lililoandikwa tu, tena kwa mwendo wa kinyonga.

Mfuate kila mmoja ofisini kabla ya kikao, umuulize ni kazi gani nyingine inayombana. Afisa manunuzi akipewa vipimo kamili vya bomba (kipenyo, daraja la presha, urefu), zabuni huingia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, bila kurudishwa-rudishwa. Ukimpelekea "mabomba ya kutosha", lawama ni yako. Kikao kiishe na karatasi moja: jina, kazi, tarehe. Isambazwe siku hiyohiyo.

Kijijini pitia kwa mwenyekiti na mtendaji, wala usiitishe uchimbaji wa mitaro Novemba, watu wakihangaika na miche ya tumbaku. Mkurugenzi aendewe mwisho, baada ya kukubaliana na mhusika kwamba kikwazo kimemzidi uwezo.

Mdau wa miradi,
Tabora