Barua kwa mwanangu: Detroit kunakuchwa mapema

Mwanangu,

Baada ya salamu. Nimepata habari kwa dada yako, si kwako, kwamba masomo hayaanzi mpaka Jumatatu, na kwamba Ijumaa na Jumamosi utakuwa Detroit peke yako ukitazama picha. Sikukatazi. Ila Januari huko jua linazama saa 11 na robo hivi jioni, na wewe ukianza kutazama kitu husikii wala huoni saa. Panga mambo yako kuanzia kwenye giza, urudi nyuma.

Ijumaa iwe ya makumbusho, Detroit Institute of Arts, pale barabara ya Woodward. Jumatatu huwa wamefunga, kwa hiyo usiseme utakwenda siku hiyo ukitoka darasani. Ijumaa hawafungi mpaka saa 3 usiku, na hapo ndipo ninapokuogopea, maana utajiambia muda upo. Muda upo, mwanga haupo. Ukumbi wa Diego Rivera, yule mchoraji wa Mexico, unapata mwanga wake kutoka kwenye vioo vya paa. Ingia humo kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana. Usiku utaona picha zilezile chini ya taa, na bado utakuwa na safari ya kurudi ulikofikia.

Michoro ya Rivera ya ukutani ina vipande 27, aliifanya kati ya 1932 na 1933, na gharama alilipa Edsel Ford, mkuu wa kampuni ya magari ya Ford, ambayo kiwanda chake ndicho kilichochorwa. Ukitokea ukumbi mkubwa, ukuta unaokutazama ni wa mashariki, wenye mtoto mchanga ndani ya kiazi cha mmea. Kushoto kwako, kaskazini, wanaunda injini ya V8. Kulia, kusini, wanaunganisha bodi za magari. Watu wengi husimama katikati, wakapiga picha nne, wakaondoka. Wewe kaa chini kwanza dakika kumi bila simu. Halafu litafute gari lililokamilika. Lipo ukuta wa kusini, dogo kama kidole, mwisho kabisa wa mstari. Kiwanda kizima kimechorwa, na gari lenyewe karibu halipo. Kisha inama usome vile vipande vya kijivu vilivyo chini ya picha kubwa. Humo mna siku nzima ya kibarua, tangu anapoingia kazini mpaka anapopokea ujira. Wageni wengi huvipita.

Juu kulia, ukuta wa kaskazini, kuna mtoto anachanjwa, na mbele yake wamesimama farasi, ng'ombe na kondoo. Viongozi wa dini walikasirika sana, wakasema ni dhihaka kwa familia takatifu ya Yesu. Simama hapo uamue mwenyewe.

Sasa jambo la ufundi, na hili nakutaka ulishike. Ile si rangi iliyopakwa juu ya ukuta mkavu. Wasaidizi walikuwa wanapiga lipu ya chokaa, sehemu inayotosha kazi ya siku moja tu, naye anachora lipu ikiwa bado mbichi, kwa rangi ya unga iliyosagwa na kuchanganywa na maji, bila gundi. Chokaa ikikauka hunywa hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, na chembe za rangi zinafungwa ndani ya jiwe hilo. Ndiyo maana haibambuki. Ndiyo maana pia haina kufuta: akikosea, anabandua lipu na kuanza upya. Na rangi mbichi si rangi kavu, hupauka inapokauka, kwa hiyo mchoraji anachanganya rangi ya kesho, si anayoiona leo. Sogea pembeni, tazama ukuta kwa mshazari. Huenda ukaona mpaka kati ya lipu ya siku moja na ya siku inayofuata.

Nikiwa hapo kwenye lipu: malengelenge ya ukuta wa sebule, yale uliyosingiziwa kwamba ulimwaga maji, fundi amesema ni rangi ya plastiki iliyopakwa lipu ya saruji ikiwa mbichi. Ilitakiwa ingojewe wiki nne. Haikungojewa, kwa sababu ya wageni. Haya, limeshasemwa.

Katika vyumba vingine usitake kumaliza sahani yote. Chagua vitatu. Iangalie picha ya mchoraji Van Gogh mwenyewe akiwa na kofia ya majani, aliyojichora 1887. Ni ndogo kuliko unavyodhani. Makumbusho hayo yaliinunua 1922, kabla jumba lolote la umma Marekani halijawa na mchoro wake. Katika sanaa ya Afrika, kama imetolewa, itafute sanamu ya Wakongo iliyopigwa misumari mwili mzima. Usipite ukisema ni uchawi. Kila chuma ni neno lililowekwa, kiapo au shauri mbele ya nganga, na neno nganga kwetu halihitaji mfasiri: ni mganga. Sanamu ya mchongaji Rodin, ya yule mtu anayewaza, iko nje mbele ya mlango. Kijani utakachokiona kwenye sanamu za shaba nyeusi si uchafu. Ni ngozi inayoletwa na hewa na mvua, na mafundi wengine huileta makusudi kwa dawa.

Jirani hapo kuna makumbusho ya Charles H. Wright, ya historia ya Wamarekani weusi. Sakafu ya ukumbi wake wa duara ni kazi ya Hubert Massey. Watu wanaikanyaga huku wakitazama juu. Panda ghorofani uitazame kutoka juu.

Jumamosi nenda Eastern Market asubuhi, kwenye michoro ya kutani. Siku hiyo ni ya soko: malori yataziba baadhi ya kuta, lakini watu watakuwepo. Siku za kawaida kuta ziko wazi na vichochoro vitupu, na sikutaki kwenye vichochoro vitupu. Vuka barabara, ukae mbali mara mbili ya urefu wa ukuta, ndipo mchoro unakaa sawa. Halafu sogea karibu uone unavyokufa: nyekundu na njano huwa za kwanza kupauka upande unaopigwa na jua, na chini unyevu unapanda kwenye matofali, unatoa chumvi nyeupe, unasukuma rangi. Siku ya mawingu ndiyo nzuri kwa kupiga picha, jua la Januari liko chini na linatupa vivuli virefu.

Mchana shuka Woodward mpaka Jefferson, kwenye ngumi ya bondia Joe Louis, kazi ya mchongaji Robert Graham, ya 1986. Ni mkono wa shaba nyeusi, mita 7 na ushee, umening'inizwa, na ngumi haina glavu. Wengi huupiga picha kwa mbele. Wewe zunguka upande ulikokatwa, ndipo utauona uzito. Hatua chache kutoka hapo imekaa sanamu ya mtu wa kijani, Spirit of Detroit, wa Marshall Fredericks, wa 1958, karibu mita 8. Mkono mmoja ameshika tufe la dhahabu, mwingine familia.

Saa 10 na nusu uwe unarudi. Simu iweke mfuko wa ndani, baridi inamaliza betri, na ikizima ramani imekwenda. Andika anwani ya unakolala kwenye karatasi. Najua utacheka. Andika.

Jicho unalo, mwanangu, tangu zamani, hata pale lilipokuletea fimbo. Saa huna.

Fundi anakuja Jumatano kubandua ukuta. Baba yako anataka rangi ileile. Mimi nataka ukae wazi mpaka ukauke. Na ufunguo wa stoo hatuuoni. Tazama mfuko wa lile koti la kijivu uliloondoka nalo.

Mama yako