Barua kwa mwanangu: kuhusu jezi namba nane

Jinja

Mwanangu Juma,

Salamu nyingi. Huku nyumbani tu wazima, ila mama yako anauliza kama kile kikohozi kimeisha. Uliniomba nikuambie ukweli kuhusu mchezo wako wa raga wa Jumamosi pale uwanja wa Kyadondo, tena ukasema nisikupambe. Haya, sikupambi.

Ile trai, ulipougusisha mpira chini nyuma ya mstari wao, ilikuwa nzuri. Nimeisimulia hapa kambini hadi wenzangu wamenichoka. Lakini fowadi, mmoja wa wale wanane wa mbele wanaosukuma, hupimwa kwa anayoyafanya akiwa hana mpira, na hapo ndipo nilipoweka macho. Wewe ukishaangushwa, unalala. Unayatazama magoti, unaangalia jukwaani nani amekuona, kumbe raki nyingine, kule kusukumana juu ya mpira ulio chini, imeshaanza na timu yako imepungua mtu. Yule namba saba wenu mwembamba, ambaye hakuna aliyemshangilia, alikuwa akianguka na kuinuka papo hapo, kisha unamkuta kwenye raki inayofuata. Ningekuwa kocha, jina lake ningeliandika kabla ya lako.

Halafu unaingia kwenye raki kwa ubavuni, na hilo ni kosa. Zunguka, upite nyuma ya mguu wa mwisho wa wenzako, hata ukiona njia ni ndefu. Penalti mbele ya milingoti yenu ni pointi tatu mnazowagawia wageni.

Kwenye skramu, pale fowadi wa pande mbili wanapofungamana na kusukumana, sina neno. Mgongo umenyooka, mabega hayashuki chini ya kiuno, hatua zako ni fupi fupi. Hayo umeyatoa kwangu, ingawa mama yako anadai umerithi kwa wajomba zako. Ila mliponung'unika refa alipopuliza kwa kuwa mmesukuma mno, refa alikuwa sahihi. Kwa vijana wa chini ya miaka 19, skramu haisukumwi zaidi ya mita 1.5, ili kulinda shingo ambazo bado zinakomaa, na yako imo.

Sasa jezi namba nane, ya anayekaa nyuma kabisa ya skramu. Najua unaitaka, kila kijana mwenye kifua anaitaka. Mimi nakuona namba mbili, katikati ya mstari wa mbele wa skramu. Kimo chako ni cha wastani, mabega mapana, na huna papara. Kinachokosekana ni kurusha mpira wa lainiauti, yaani kuurudisha uwanjani mpira uliotoka nje, wenzako wakimwinua mmoja audake. Chora alama kwenye ukuta nyuma ya bweni, usawa wa mikono ya mchezaji aliyeinuliwa, uanze kurusha ukiwa mita tano, kisha urudi nyuma hadi kumi. Mpira ukienda mshazari wapinzani wakiwa wanaugombania, huchagua skramu au kurusha wao, na jasho lote la kuupeleka nje limepotea. Unakumbuka Julai 2025 pale uwanja wa Namboole, Zimbabwe ilipoifunga Namibia 30 kwa 28 ikapata nafasi ya Kombe la Dunia la 2027? Wewe ulikuwa ukiwafuata wakimbiaji kwa macho. Siku nyingine mtazame namba mbili peke yake kipindi kizima, hata mpira ukiwa mbali naye.

Linalonitia hofu ni unavyokaba. Kichwa unakitanguliza mbele ya mapaja ya anayekimbia. Kiweke nyuma yake, bega ndilo ligonge, mikono ifunge. Dakika za mwisho uligongwa, ukayumba, kisha ukamwambia refa uko sawa. Anayeshukiwa kuumia ubongo hutoka na harudi siku hiyo, hata akijiona mzima. Ukirudia, nitaingia uwanjani nikutoe mwenyewe mbele ya rafiki zako.

Mambo ya kunyanyua vyuma tutaongea likizo. Kwa sasa kula posho yako na maharagwe, ulale mapema.

Nimemtumia mwalimu wa michezo hela kwa simu, ununue kinga mpya ya meno. Hiyo uliyo nayo umeitafuna hadi imekuwa kama ubani. Ukishaongea na kocha kuhusu namba mbili, niandikie alichosema, hata kama amecheka.

Baba yako