Lenzi Haikupungua: Kwa Nini Milimita 300 Huonekana Tofauti Kwenye Kamera Mbili

Mteja mmoja aliyekodi kwetu kamera ya fremu kamili aliirudisha akidai kwamba tumempa lenzi pungufu, kwa sababu ndege aliyezoea kumpiga picha kwa lenzi ya milimita 300 (urefu wa fokasi, unaoamua lenzi inavuta kiasi gani) alionekana mdogo kuliko kwenye kamera yake mwenyewe ya APS-C, aina yenye kihisi kidogo kuliko cha fremu kamili. Lalamiko hili limejirudia mno, na kwa kuwa kila lenzi huipima fundi wetu kabla ya kukabidhiwa, hatupendi kuonekana matapeli kwa jambo linalotokana na kamera yenyewe.

Lenzi haibadiliki. Taswira ya ndege ikiangukia kwenye kihisi, yaani bamba la ndani ya kamera linalopokea mwanga, kwa upana wa milimita 6, itabaki milimita 6 kwenye kamera zote mbili. Kinachotofautiana ni kihisi: cha fremu kamili kina upana wa milimita 36 na kimo cha 24, ilhali cha APS-C kina takriban 24 kwa 16, hivyo ndege yuleyule hujaza robo ya upana wa picha kwenye kihisi kidogo na sehemu moja tu ya sita kwenye kikubwa. Kauli kwamba milimita 300 kwenye APS-C ni sawa na 450 inahusu eneo linaloonekana pekee, ingawa wapo wauzaji wanaoinadi kana kwamba lenzi imerefuka.

Wengi hujibu kwamba watakata kingo za picha baadaye ili ndege aonekane mkubwa. Inawezekana, lakini picha ya pikseli milioni 24 ikikatwa kufikia ukubwa wa APS-C hubakiwa na pikseli zisizofika milioni 11, na ule mwanga wa ziada ambao kihisi kikubwa hupokea, kwa kuwa eneo lake ni zaidi ya mara mbili, huondoka pamoja na kingo hizo. Mteja anakuwa amelipia kihisi kizima ili atumie sehemu ya katikati tu. Kihisi kikubwa humfaa anayeweza kukijaza, kama vile mpigapicha wa sherehe ukumbini anayesogea karibu na watu. Huyo ataona chenga (vidoadoa vya picha) chache hata taa zikiwa hafifu.

Njia ya mkato inayotusumbua zaidi ni kirefusho cha lenzi cha mara mbili, kinachofungwa kati ya lenzi na kamera. Kifaa hicho hupitisha robo tu ya mwanga, na f/5.6 hugeuka f/11 (namba ya f ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha tundu la mwanga, hivyo ikipanda mwanga hupungua). Mteja mwingine alikitumia kwenye mechi ya usiku, tena baada ya kuonywa. Fokasi ikahangaika, akapandisha ISO (kiwango cha kamera kukuza mwanga iliyoupata), na picha zikajaa chenga hata aliyemwagiza akazikataa. Kwa mechi iliyofuata alikodi lenzi ndefu aliyoikwepa mwanzoni, akawa amelipa mara mbili.

Tunajua lenzi hiyo ni ghali. Milimita 600 kwa f/4 hudai tundu la kipenyo cha milimita 150, na kioo cha mbele hakiwezi kuwa kidogo kuliko hapo. Kukisaga kioo kipana namna hiyo bila dosari si kazi rahisi, nasi tunakitunza ipasavyo.

Unapoagiza, tueleze umbali wa unachopiga, hali ya mwanga na ukubwa wa picha utakayochapisha. Kwa ndege wa mchana tutakupa mara nyingi kamera ya APS-C, ambayo kodi yake ni ndogo, hata kama umekuja umeshikilia fremu kamili.