Nisaini mkataba au nipande basi la Morogoro?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 24, nakaa Uyole hapa Mbeya, pale barabara ya Tukuyu inapoachana na ile ya kwenda Dar. Siku zote nasoma majibu unayowapa wenzangu nikijiambia kwamba ya kwangu nitayamaliza mwenyewe. Haya yamenishinda. Jumatano nimepewa mkataba wa kazi nikausome nyumbani, na kwenye simu nina ujumbe wenye namba ya siri ya kuthibitisha udahili chuo kikuu. Vyote viwili vina tarehe ya mwisho, na zimepishana siku nne tu.

Nirudi nyuma kidogo. Nilimaliza stashahada ya kilimo mwaka 2023, GPA 3.9. Anayeingia shahada akitokea stashahada anatakiwa awe na angalau 3.0, kwa hiyo huko sina tatizo. Baada ya chuo nilifanya walichofanya wote: nikajisajili Ajira Portal, ule mtandao wa serikali wa kuombea kazi, nikawa naomba nafasi za Afisa Kilimo Msaidizi kila zikitangazwa. Mara moja niliitwa usaili wa kuandika Dodoma. Nilipanda basi, nikapita Iringa na Mtera, nikafika nikakuta watu wamejaa kama wanasubiri ndugu zao stendi. Sikupita. Nauli ilikuwa ya mama, kwa hiyo nisikuchoshe na hiyo habari.

Nikapata kibarua kwenye duka la pembejeo. Nasema kibarua kwa sababu hakuna karatasi yoyote: jioni nalipwa 8,000 mkononi, na kamisheni kidogo nikiuza mbegu nyingi. Mwezi mzuri nafikisha 250,000. Kazi naipenda, Shangazi, usidhani nalalamika. Mkulima akiingia na jani kwenye mfuko wa rambo, akaliweka kaunta akasema "binti, hebu niangalizie hili," najisikia mtu.

Sasa nikueleze kilichotokea Februari, maana ndicho kilichonifanya niombe chuo.

Alikuja baba mmoja wa upande wa Isyonje, analima viazi ekari moja na nusu. Alileta shina zima, limelegea, ila majani bado kijani. Akasema linanyauka mchana, usiku kama linapata nafuu, kesho yake linazidi. Shangazi, nilisoma hiki kitu. Naikumbuka hata kurasa ya daftari. Lakini wiki ile bosi alikuwa ametuambia kuna katoni za dawa ya ukungu zinakaribia kuisha muda, zitoke haraka. Nikamwambia baba wa watu ni ukungu. Nikamuuzia pakiti nne za 18,000. Akahesabu 72,000 za noti ndogo ndogo, akanishukuru, akaondoka.

Shina akaliacha pale kaunta. Jioni mwenzangu wa kazi, kaka mmoja mwenye digrii yake kutoka Morogoro, akaliona. Hakusema neno. Alichukua kisu, akakata kipande cha shina karibu na mzizi, akakining'iniza kwenye glasi ya maji safi, akaniambia nisiitikise. Hazikupita dakika tano, zikaanza kushuka nyuzi nyeupe kama maziwa, nyembamba, zinajikunja taratibu kuelekea chini. Mnyauko bakteria. Huo hauna dawa ya kupuliza. Unakuja na mbegu, na udongo, na maji yanayotiririka kutoka shamba la juu, na jembe la kuazima. Cha kumwambia mkulima ni ang'oe mimea iliyougua aitoe shambani, msimu ujao apande mahindi pale badala ya viazi, na atafute mbegu safi. Pakiti zangu nne zilikuwa sawa na kunyunyizia maji ya kunawa.

Nilimpigia usiku uleule lakini simu haikupatikana. Nilipompata wiki iliyofuata alikuwa ameshapuliza zote. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakukasirika. Juzi kaja tena kununua mbegu ya mahindi, akanitafuta mimi, eti binti mstaarabu.

Basi Julai nikaomba shahada ya kilimo, SUA, kile chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, na chuo kingine kimoja. Nikaomba na mkopo wa Bodi ya Mikopo. Shangazi, ile fomu inataka moyo: 30,000 ya maombi, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, na cheti cha kifo cha baba nacho kihakikiwe RITA. Baba alifariki 2019. Kulipia ada mtandaoni ili mashine ithibitishe kwamba kweli baba yako amekufa ni kitu ambacho sikutegemea kingenikalisha chini, lakini kilinikalisha. Vyuo vyote viwili vimenichagua, nami nataka SUA. Majina ya waliopata mkopo yatatoka baadaye. Kwa maana nyingine, nitathibitisha chuo nikiwa sijui nitakula nini.

Watu wa hapa wananiuliza kwa nini nisisome Mbeya hapahapa nikilala kwetu. Vyuo vikuu vipo, MUST iko pale Iyunga, lakini mimi siendi kusoma uhandisi.

Ndipo Jumatano bosi akaniita. Hajui habari ya chuo. Anafungua tawi huko bondeni kwenye mpunga na anataka niwe afisa mauzo wa Igurusi na Chimala: mshahara 450,000, pikipiki, mafuta, na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Nilitoka mle ofisini magoti hayana nguvu. Ni karibu mara mbili ya ninachopata. Halafu nikausoma mkataba usiku.

Ni wa miaka miwili. Nikiacha kabla, nilipe 1,500,000, zimeandikwa "gharama za mafunzo". Mafunzo yenyewe ni siku tatu kwenye ukumbi, na chai. Na kipengele cha tisa kinasema nikabidhi vyeti vyangu halisi, vitunzwe ofisini "kwa usalama". Cheti cha kidato cha nne, cha stashahada, vyote. Nilimuuliza kwa upole kama nakala zilizothibitishwa na wakili hazitoshi. Akacheka, akasema, "Wewe unataka kwenda wapi mpaka uhitaji vyeti?" Chuoni bila vyeti halisi sisajiliwi, yeye hajui kwamba amegusa palepale.

Tena Bodi haitoi mkopo kwa mtu mwenye ajira yenye mkataba na mshahara. Leo mimi ni wa kibarua, sina mkataba wowote, kwa hiyo fomu yangu ni ya kweli. Nikisaini inakuwa ya uongo. Rafiki yangu wa chuo ananiambia nisaini, nile mshahara wa miezi miwili, Novemba nitoroke, nani atajua. Nikamkumbusha kuna NSSF, jina langu litakuwa kwenye kompyuta. Akasema, "Wewe nawe, uaminifu utakuua na njaa." Pengine. Ila nimeshamuuzia mtu dawa ya uongo mwaka huu, na nikianza kazi kwa hila nitakuwa nimefanya mambo mawili ya kulala nikiyafikiria.

Kwa upande mwingine, sheria ya Bodi inataka uwe umehitimu ndani ya miaka mitano. Mimi ni wa 2023. Kwa hesabu hiyo naweza kusaini, nitumikie miaka miwili yote, nikusanye hela, niende chuo bado nikiwa ndani ya muda. Nadhani hivi ndivyo anavyotaka mama, ingawa yeye hakusema. Ila huo udahili wa sasa nitaupoteza, nitaomba upya, na sijui miaka miwili ijayo nyumbani kutakuwaje.

Nyumbani kwenyewe ni Isongole. Mama analima viazi na ndizi. Mwaka wangu wa pili chuoni alikopa 700,000 VICOBA, kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopeshana, na deni hilo limebaki 260,000, nalipunguza mimi kidogo kidogo kila Alhamisi kwenye kikao chao. Mdogo wangu yuko kidato cha tano, bweni. Ada haipo, serikali ilishaifuta hadi kidato cha sita, lakini godoro, nauli, sare, michango, ream za karatasi, hivyo havijafutwa na mtu. Hela zake zote zinatoka kwenye zile 8,000 zangu.

Nilipomwambia mama habari zote mbili, ya chuo na ya mkataba, alikuwa anachambua mbegu za viazi, anatenga zenye vichipukizi. Aliendelea kuchambua. Mwisho akasema, "Wewe ndiye uliyesoma, mimi nitajua nini." Ningeona afadhali angenikataza. Asubuhi nikasikia kwa jirani kwamba kwenye kikao amewaambia wenzake mwanangu ameandikwa kazi, na ameomba aongezwe hisa. Sijamuuliza. Namwonea aibu kumuuliza, nadhani naye ananionea aibu mimi.

Hesabu ya Morogoro nimeipiga mara nyingi mpaka karatasi imechanika. Akiba yangu ni 640,000. Ada ya mwaka inapita milioni moja. Nikipewa mkopo wote, ada inalipwa, na bumu ni 10,000 kwa siku ya chakula na malazi. Nikijibana naweza kumtumia mdogo wangu chochote. Nikipewa nusu, nitakwama mwaka wa kwanza. Nikinyimwa kabisa, nitakuwa nimeacha kibarua, nimekosa mkataba, na nimerudi Uyole na begi. Na hata nikimaliza, Bodi watakata asilimia 15 ya mshahara wangu mpaka deni liishe, kama huo mshahara utakuwepo.

Maana kuna yule kaka wa glasi. Yeye amemaliza SUA. Tunasimama naye kaunta moja, analipwa 8,000 kama mimi, na Bodi wanamdai. Nilimwomba ushauri nikitegemea ataniambia nenda. Akasema, "Saini. Digrii inasubiri, hela haisubiri." Nikamwambia lakini wewe ulijua ule ugonjwa. Akaniangalia kidogo, akasema, "Na wewe ulijua."

Shangazi, sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike barua hii.

Ni kweli nilijua. Kama nilijua na nikauza, basi siku ile sikukosa elimu. Nilimwogopa bosi. Sasa najiuliza: naenda Morogoro kusoma, au naikimbia ile kaunta? Maana digrii haitaniongezea ujasiri wa kumwambia bosi dawa hii haifai. Yule kaka anayo, na katoni zile tuliziuza wote zikaisha, tena yeye aliuza nyingi kuliko mimi. Halafu siku nyingine nafikiri tofauti: nikiwa na shahada nitaweza kuomba Afisa Kilimo, au utafiti, sehemu ambayo siishi kwa kamisheni ya pakiti. TARI, wale watafiti wa kilimo wa serikali, wako hapahapa Uyole, nawaona kila siku wakipita na magari yao kwenda mashambani, hakuna anayewapa katoni za kumaliza. Hapo natamani niondoke kesho. Na huko Igurusi nitakuwa na pikipiki, mikoba miwili ya dawa, na lengo la mauzo la mwezi. Nani atanisimamia nisirudie? Hakuna hata wa kukata shina.

Nimeshasema mengi. Naomba unisaidie hapa: je, naweza kumrudishia bosi mkataba nikamwomba aondoe kipengele cha vyeti na ile milioni moja na nusu, bila kupoteza hata hiki kibarua? Kuna anayeniambia mwajiri hana haki ya kushika vyeti vya mtu, niulize ofisi ya kazi, lakini Mbeya ni ndogo, nikienda kuuliza leo kesho atakuwa na habari. Na je, nithibitishe chuo kwanza kisha nisubiri majina ya mkopo, nikimwambia bosi anipe muda? Nimwambie ukweli kwamba nimechaguliwa, au ndiyo nitakuwa nimejifukuzisha? Na mama, Shangazi, nimwanzeje? Sitaki asikie kwa jirani kama nilivyosikia mimi.

Namba ya kuthibitisha inaisha Ijumaa. Mkataba ni Jumanne inayofuata. Vyeti vyangu nimeviweka chini ya godoro, na tangu Jumatano sijalala vizuri juu yake.

Ni mimi,
Binti wa Uyole, Mbeya