Vipimo vya vitu vya kale viandikwe kwa mtindo mmoja

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo huenda wengi wakaliona dogo, lakini ambalo limenisumbua tangu nilipokuwa karani katika ghala moja la vitu vya kale ambalo sitalitaja jina, nalo ni namna tunavyoandika vipimo katika orodha za makumbusho na za makusanyo ya watu binafsi. Ninaandika sasa kwa sababu orodha hizo, zilizokuwa zikikaa kwenye madaftari na kadi, zinahamishiwa kwenye kompyuta, na kosa lililojificha katika kadi moja likishaingia humo hunakiliwa mara nyingi na kufika kwa watu wasiojua wamuulize nani.

Nianze na kisa kilichonipotezea siku tatu. Katika orodha ya ghala lile palikuwa na makasha mawili ya njumu, yaani yaliyopambwa kwa madini. Kadi ya kwanza ilisema “44 x 20 x 18” na ya pili “112 x 51 x 46”, lakini ndani ya ghala kasha lilikuwa moja tu. Tulipekua kila pembe, tukawauliza wazee waliowahi kufanya kazi pale, na mmoja wetu alikwisha kuanza kunong’ona kwamba kasha la pili limeuzwa kwa watalii. Siku ya tatu nilichukua tepu nikalipima lile lililokuwapo, kwanza kwa inchi kisha kwa sentimita, na ndipo nilipoona kwamba kadi zote mbili zilikuwa za kasha hilohilo. Karani wa kwanza alipima kwa inchi, wa pili kwa sentimita, na hakuna kati yao aliyeandika kipimo alichotumia. Mtu mwaminifu alikaribia kuitwa mwizi kwa sababu ya herufi mbili ambazo hazikuandikwa.

Hata hivyo, ugumu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, hautokani na inchi wala sentimita bali na lugha yetu wenyewe. Mtu akiulizwa urefu wa mlango hutazama juu. Akiulizwa urefu wa meza hutazama upande wake mrefu. Akiulizwa urefu wa kisima huchungulia chini. Neno moja linafanya kazi tatu na wala hatulalamiki, kwa kuwa kitu chenyewe huwa mbele ya macho yetu. Msomaji wa orodha hana kitu mbele yake. Kwa hiyo katika orodha ningependekeza “urefu” libaki kwa vitu vinavyolazwa au vinavyoshikwa mkononi, kama upanga, makasia na mikeka. Kinachosimama kiandikiwe “kimo”. Kutoka mbele kwenda nyuma iwe “kina”. Kitu cha duara kiandikiwe “kipenyo”. Na ubao upewe “unene”. Maneno haya yote tunayo, na watoto wetu huyasoma katika hesabu shuleni, ila tukifika kwenye kadi tunayaacha na kupanga namba tatu zilizotenganishwa kwa alama ya kuzidisha, kana kwamba kila msomaji atajua ipi ni ipi.

Hatajua. Orodha nyingi za makumbusho ya Ulaya na Marekani hutanguliza kimo, kisha upana, kisha kina, na kwa picha za ukutani kimo hutangulia upana. Seremala wetu hutanguliza urefu, akafuatisha upana na unene wa mbao. Niliwahi kusoma kadi ya mlango wa kuchonga iliyosema “105 x 210”, na kwa utaratibu wa wale wa kwanza huo ungekuwa mlango wa kuingilia kwa kutambaa. Kufuata mpangilio mmoja ni jambo jema, lakini kuandika jina la kila kipimo mbele ya namba yake ni bora zaidi, kwa sababu jina halipotei hata namba zikibadilishana nafasi.

Jina nalo peke yake halitoshi pasipo kuelezwa ni sehemu gani iliyopimwa. Mlango wa Lamu una miimo, kizingiti, mbao mbili na mfaa, yaani mti wa katikati unaofunika ziliko kutana mbao hizo. Aliyepima fremu nzima na aliyepima mbao tu watatofautiana kwa shibiri moja au zaidi, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Kiti cha enzi kina kimo cha kikalio na kimo cha egemeo, na kina chake hutegemea kama kibao cha kuwekea miguu kimehesabiwa. Bakuli la kaure lililokuwa likipamba zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, lina kipenyo cha mdomo na kipenyo cha kitako, na karani anapoandika “upana” pekee hujui amekusudia kipi. Makumbusho ya Lamu yana siwa mbili mashuhuri, yaani baragumu kubwa za sherehe, ile ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate na ile ya shaba ya Lamu yenyewe. Kitu chochote kilichopinda kina urefu wa kufuata mpindo na urefu wa kunyoosha kamba kutoka ncha hadi ncha, na baina ya mmoja na mwingine panaweza kupita kiganja kizima. Hata pishi na kibaba, ambavyo vyenyewe vilikuwa vipimo kabla ya kuwa vitu vya kutazamwa, haitoshi kuvipima kwa nje: anayetaka kujua kama kweli vibaba vinne vilijaza pishi anahitaji kuambiwa ujazo wa ndani.

Kuhusu kipimo cha kutumia, mimi nashikilia sentimita kwa kila kitu, yenye tarakimu moja baada ya nukta, kwa maana tarakimu hiyo ndiyo milimita. Najua nitaambiwa kwamba ushanga hupimwa kwa milimita na jahazi kwa mita, na kwamba kuandika jahazi la sentimita 1,850 ni kuchekesha. Kwa mazungumzo ya bandarini inachekesha kweli. Kompyuta haicheki, inachotaka ni kuweza kulinganisha kila namba na nyingine bila kukisia. Kwa sababu hiyohiyo namba ikae katika sehemu yake na kipimo katika sehemu yake. Palipoandikwa “24cm”, “24 cm.” na “sm 24”, mashine huona maneno matatu tofauti, na ikipanga maneno badala ya namba hutanguliza 100 kabla ya 20, kwa kuwa moja hutangulia mbili. Spectrum, mwongozo wa kutunza makusanyo na kumbukumbu zake unaotumiwa na makumbusho mengi ya Uingereza na kwingineko, umezitenga sehemu hizi: aina ya kipimo (kama kimo au upana), sehemu iliyopimwa, namba, kipimo chenyewe (kama cm) na tarehe ya kupima.

Hapa nitawaudhi baadhi ya walimu wa Kiswahili. Katika maelezo marefu tuandike “sentimita” kwa ukamilifu, lakini katika sehemu ya kipimo tuandike cm wala si sm, kwa sababu cm ni alama ya kimataifa na si kifupisho cha neno la lugha yoyote, na ndiyo maana haiwekewi nukta wala haibadiliki kwa wingi. Suala la nukta na mkato nalo lisipuuzwe. Kwetu 1,250 ni elfu moja mia mbili na hamsini. Katika orodha ya Kijerumani au ya Kifaransa ni moja na robo. Vitu vya pwani hii vimetawanyika katika makumbusho ya Ulaya, na anayenakili kutoka huko bila kuliangalia hilo anaweza kuligeuza sanduku la vito kuwa jumba.

Kubadilisha vipimo vya zamani kuna hatari yake. Inchi, tangu makubaliano ya mwaka 1959, ni milimita 25.4 kamili, kwa hiyo inchi 9½ hutoa sentimita 24.13. Lakini aliyepima kwa nusu inchi hakuona sehemu ya mia ya sentimita, basi iandikwe 24.1 na ikomee hapo. Kwa shibiri, dhiraa (yaani mkono, kuanzia kiwiko) na pima (upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, ambao wengine huuhesabu kuwa futi sita) tahadhari izidi. Wazee walitofautisha mkono mkamili, unaofika ncha za vidole, na mkono konde, unaokomea kwenye ngumi, na mkono wa nahodha haukuwa mkono wa mshonaji. Anayeandika kwamba kamba ya “pima mbili” ina sentimita 365.76 anadai kujua jambo ambalo hata aliyeipima hakulijua. Neno la asili liachwe kama lilivyo katika sehemu ya maelezo, na kamba ikiwa bado ipo ipimwe upya.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya makarani. Nawakumbusha kwamba milango, viti na makasha ya visiwa hivi yamekuwa yakisafirishwa kwa miaka mingi, mengine kwa halali na mengine sivyo. Fomu ya Object ID, iliyozinduliwa mwaka 1997 ili kusaidia kutambua vitu vilivyoibwa na sasa iliyo chini ya Baraza la Kimataifa la Makumbusho, huuliza vipimo pamoja na aina ya kitu, vifaa vilivyotumika, maandishi na alama za pekee. Milango miwili inaweza kuchongwa maua yaleyale na fundi yuleyule, na picha zake zikafanana. Kinachobaki kuitenganisha ni alama zake za pekee na vipimo vyake, iwapo vipimo hivyo vinasomeka.

Kasha lile sasa lina kadi moja. Imeandikwa: kimo 45.8 cm, upana 111.7 cm, kina 50.9 cm, limepimwa kwa nje likiwa limefungwa, pamoja na miguu, bila vishikio vya pembeni, kadi ya zamani ilitaja 44, 20 na 18 bila kueleza kipimo wala upande.

Karani mstaafu,
Mkomani, Lamu