Usiichomeke kwanza

Kwako ndugu yangu Shabani,

Salamu nyingi. Mimi mzima, hofu ni kwako, hasa tangu nisome mwisho wa barua yako, ulipoandika kwamba jenereta ya mawimbi, ile mashine ya kutoa mawimbi ya redio ya kupimia vifaa, imefika na "leo jioni naiwasha". Naomba jioni hiyo umeme uwe ulikatika. Kama bado hujaiwasha, iache hivyo hivyo mpaka umalize kusoma.

Unaikumbuka ile yangu ya miaka ya 1970 niliyokuwa nakuringia? Niliichomeka siku ileile niliyoipata. Taa zikawaka, sindano ikapanda, nikakaa naikodolea macho kama bibi harusi. Baada ya dakika kumi hivi, pa! Chumba kizima moshi. Ilikuwa kapasita, kile kijidude kinachohifadhi chaji, ya kuchuja umeme, pale waya wa ukutani unapoingilia: ya karatasi, imevikwa plastiki ngumu ya rangi ya asali. Plastiki hiyo ikizeeka hupata nyufa nyembamba kama unywele, unyevu ukapenya hadi kwenye karatasi. Mara nyingi hufungwa kabla ya swichi, kwa hiyo mashine ikiwa imezimwa lakini imechomekwa, kapasita bado iko kwenye umeme. Ukiikuta yako, usiipime wala usiihurumie. Ing'oe uweke mpya.

Basi fungua kifuniko, na uanze na pua. Harufu kama ya samaki ni kapasita za maji, zile zenye kimiminika ndani, zinazovuja. Ukoga wa kijani kwenye bodi ni betri ya kuhifadhi kumbukumbu iliyotapika, na huo hula njia za shaba hata ukiwa umelala. Angalia pia kiteuzi cha volti kimewekwa 115 au 230, na fyuzi ni ya kiwango kilichoandikwa, maana nimeshakuta fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya bati. Ukiona kauri nyeupe kwenye sehemu za nguvu kubwa usiikwangue wala kuivunja. Baadhi zina oksidi ya beriliamu, na vumbi lake ni sumu ya mapafu.

Siku ya kuiwasha, pitisha umeme kwenye balbu ya uzi ya wati 60 au 100, iliyofungwa mfululizo na mashine. Ikimulika kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, ndani kuna shoti, na wewe umepoteza dakika moja tu badala ya transfoma.

Sasa nifike pale hasa nilipotaka kufika: soketi ya kutolea mawimbi. Wauzaji wote hukuonyesha taa na namba zinazocheza, na hakuna anayekuonyesha kilichoko nyuma ya soketi ile. Nyuma yake kuna atenyueta, mlolongo wa rezista ndogo ndogo za kupunguza nguvu. Fundi akiunganisha redio ya kurusha ili aipime upande wa kupokea, kisha kidole kikateleza kwenye kitufe cha kusema, wati zote zinaingia mahali palipoumbwa kutoa sauti ya mbu. Nasema kwa uchungu kwa sababu kidole hicho kiliwahi kuwa changu.

Kabla ya kuwasha, weka atenyueta kwenye desibeli (kipimo cha kupungua kwa nguvu) 40 au zaidi, kisha pima soketi kwa multimita. Kama hakuna kapasita njiani, isome karibu omu 50, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Ikisoma mia na kitu, au isisome kabisa, pana rezista iliyoungua. Chukua na lenzi uchungulie soketi yenyewe. Hiyo ni aina ya N, herufi aliyoiachia Paul Neill wa Bell Labs aliyeibuni miaka ya 1940. Vidole vya katikati viwe vimebanana. Vikiwa vimetanuka, basi kuna aliyelazimisha pini isiyostahili, au alikuwa na haraka tu.

Ikishawaka, iache ipate joto nusu saa. Weka megahezi 10 na desibeli sifuri, yaani miliwati 1. Oskiloskopu, kile chombo kinachochora wimbi kwenye skrini, ifungie rezista ya omu 50 mwishoni mwa waya, uone milivolti 632 kutoka kilele cha wimbi hadi bondeni. Ukisahau ile omu 50 utaona mara mbili yake na kudhani mashine ina nguvu za ajabu. Wengi wamefurahi hivyo. Punguza desibeli 10, ishuke hadi 200. Punguza 10 tena, 63. Hatua inayokataa kushuka, au inayoshuka kupita kiasi, ndiyo iliyoungua. Usifanye jaribio hili kwenye megahezi 400, maana oskiloskopu yako yenyewe itakudanganya.

Chini zaidi ya hapo oskiloskopu haioni kitu, tumia redio ya kupokea. Shusha nguvu hadi mwisho kisha chomoa waya. Redio ikiendelea kusikia, mawimbi yanavuja kwenye ganda, na kabla hujalaumu kitu kingine hesabu skrubu. Yangu ilikuwa imebaki na sita kati ya kumi na nne.

Niandikie kila hatua ya atenyueta na milivolti zake, hata zile unazoona ni sawa. Omu 50 ya kufungia kama huna, ninayo ya ziada, nitakutumia.

Wako,
Idi