Msimsahau Raila wa karakana

Mhariri,

Tangu Raila Amolo Odinga alipofariki nchini India Oktoba 15, 2025, nimesoma makala mengi ya kumkumbuka, na karibu yote huanzia mahali pamoja: mwaka 1982, jaribio la mapinduzi, kizuizini. Kutoka hapo yanakimbilia chaguzi tano za urais alizogombea bila kuingia Ikulu. Msomaji asiyemjua atadhani mzee huyu alizaliwa akiwa na miaka 37, pingu tayari mikononi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa ufundi wa chuma, na yaliyotangulia pingu ndiyo yanayonihusu.

Alikwenda Ujerumani Mashariki mwaka 1962 akiwa kijana wa miaka 17. Alianza kwa kujifunza Kijerumani mjini Leipzig, kisha akasomea uhandisi wa mitambo huko Magdeburg, mji wa viwanda vizito, akahitimu mwaka 1970. Aliporudi nyumbani, baba yake Jaramogi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya, alikuwa kizuizini baada ya fujo za Kisumu za 1969, na chama chake cha KPU kilikuwa kimepigwa marufuku. Kwa mwana wa nyumba hiyo, siasa ilikuwa mlango uliofungwa kwa kufuli. Akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1971 akaanzisha kampuni ya ufundi ambayo baadaye tuliijua kama East African Spectre, watengenezaji wa mitungi ya gesi.

Naomba nikae hapo kwenye mtungi kidogo, kwa kuwa kila mtu anao jikoni na wachache wanajua umetokaje. Bamba la chuma hukandamizwa na mashine hadi liwe na umbo la bakuli. Bakuli mbili hukutanishwa midomo, kisha zikachomelewa kiunoni kwa mshono mmoja unaozunguka. Mshono huo ndio roho ya mtungi. Ukiwa na kitundu cha kupita ncha ya sindano, umempelekea mama wa watu moto nyumbani. Kwa hiyo mtungi hujazwa maji, ukasukumwa kwa shinikizo kubwa kuliko lile utakalolibeba maishani, na fundi akakodolea geji macho kuona kama mshale unashuka. Wanafunzi wangu waliniuliza kila mwaka: kwa nini maji, si hewa? Kwa sababu maji hayabanwi. Mshono ukiachia, yanamwagika tu. Hewa iliyobanwa hulipuka na kuondoka na mtu.

Aliyechagua biashara ya namna hiyo hakuwa anacheza. Mwaka 1974, bunge lilipopitisha sheria ya kuunda Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), linaloweka viwango vya bidhaa nchini, Raila alijiunga nalo akiwa meneja, na kufikia 1978 alikuwa naibu mkurugenzi. Ni kazi isiyoimbwa na yeyote. Unaketi na wenzako kukubaliana unene wa bati, nguvu ya saruji, kipimo cha waya wa umeme, halafu unamwambia mwenye kiwanda, mara nyingi mtu mwenye jina na marafiki wakubwa, kwamba bidhaa yake haifai.

Kisha ikaja Agosti 1982. Alishtakiwa kwa uhaini, mashtaka yakaondolewa, lakini badala ya kuachiliwa akawekwa kizuizini bila kesi hadi Februari 1988. Mama yake alifariki mwaka 1984, naye akapashwa habari karibu miezi miwili baadaye. Hayo yamesimuliwa sana. Lisilosemwa ni kwamba nchi iliyokuwa ikililia wahandisi ilimfungia mmoja wao seli kwa karibu miaka sita, na alipotoka, akakamatwa tena na tena hadi akakimbilia Norway mwaka 1991. Hakurudi tena kwenye viwango. Nafikiri tulipoteza fundi siku ile tulipojipatia mwanasiasa, na hesabu hiyo sijaona mtu akiipiga.

Ila fundi hakufa kabisa. Chama chake cha NDP kilichukua trekta kuwa alama, ndipo watu wakamwita Tinga. Rais Moi alimpa Wizara ya Kawi mwaka 2001. Chini ya Kibaki alipata Barabara, Ujenzi na Nyumba, na hapo ndipo alipojitokeza vizuri zaidi, na pia kwa ukali zaidi. Barabara za kulizunguka jiji la Nairobi zilikuwa kwenye ramani kwa miaka mingi huku ardhi yake ikijengwa na kila aliyeweza. Yeye alituma matingatinga. Mwaka 2004 yalibomoa nyumba za maskini Kibera, katika mtaa unaoitwa kwa jina lake, ndani ya eneobunge lake mwenyewe la Lang'ata. Mwanasiasa wa kawaida angekuwa na sababu 100 za kuhamishia mstari ule kwingine. Simsifu moja kwa moja: waliobomolewa walikuwa watu, si vifusi, na ramani haijui kulia. Lakini yeyote aliyewahi kunyoosha mstari wa msingi anaielewa akili ile.

Nilimwona tena mhandisi huyo mwaka 2017. Alipoyapinga mahakamani matokeo ya urais na wafuasi wake wakapaza sauti "fungueni seva", yaani kompyuta za tume ya uchaguzi zilizohifadhi matokeo, wengi walidhani ni wimbo wa mkutano tu. Kwangu lilikuwa ombi la mkaguzi: mashine imetoa jibu, basi tuione ndani. Mahakama ya Juu iliamuru seva zikaguliwe, tume ya uchaguzi haikutii ipasavyo, na Septemba 1 matokeo ya urais yakafutwa.

Sidai kwamba karakana inaeleza kila kitu. Kiapo cha Uhuru Park cha Januari 30, 2018, alipojiapisha kuwa "rais wa wananchi", hakikuwa na kipimo chochote ndani yake, na mapatano yake na kila rais, kuanzia Moi hadi Ruto, yanahitaji mwalimu wa somo jingine kuyafafanua. Hata ununuzi wa kiwanda cha molasi cha Kisumu umeacha maneno ambayo hayajaisha.

Ombi langu ni dogo. Kuna watu waliofanya kazi naye pale kwenye viwango miaka ya sabini, waliochomelea mitungi ya kwanza, waliokaa darasani mwake chuoni. Sasa ni wazee wa miaka 70 na 80. Mtume mwandishi mmoja, hata kwa wiki moja, awatafute na kuwauliza alikuwa bosi wa namna gani, alikataa bidhaa gani, na nani alimpigia simu kumtaka abadili uamuzi. Wanasiasa wenzake wataendelea kuhojiwa tu. Hawa wengine hawana muda huo.

Mwalimu mstaafu wa ufundi,
Nakuru